Mizani ya Mtaa wa Kongo

Mia tatu tu, panda ujue uzito wako.
Vua viatu, mama, mfuko weka pembeni,
usinitazame mimi, tazama namba.
Hapa Kariakoo, mbele ya duka la mapazia,
nauza habari ambayo kila mtu anayo
na hakuna anayeitaka.

Nyayo za watu nimezijua: zilizopasuka, zilizopakwa hina,
zenye alama ya kandambili kama ramani.
Zangu ziko ndani ya soksi hata Februari.
Mguu wa kushoto una vidole vitatu.
Viwili vilibaki Barafu,
na si barafu ya kwenye jagi la juisi.
Barafu ni jina la kambi.

Leo kaja kijana na begi jipya la mgongoni.
"Sipimi mwili," kasema, "pima hili."
Kesho alfajiri anapanda basi la Moshi,
binamu yake kampatia safari ya siku saba.
Upagazi. Kalitamka neno kama mtu anayetaja chuo.
Begi kalijaza mchele wa genge la mama yake
ili mgongo uanze kuzoea.

Namba ikacheza, ikatulia. Ishirini kamili.

Nikamwambia, hiyo ndiyo ya langoni.
Langoni kuna mizani ya ndoana
na bwana mwenye kofia na daftari;
unasoma ishirini, kila mtu anatabasamu.
Kisha njia inakata kona, msitu unafunga mlango,
na nyuma ya mti mkubwa wa kwanza yupo mtu anakusubiri
na mtungi wa gesi, trei za mayai, matikiti maji mawili.
Matikiti! Mita elfu nne juu ya bahari hii
nimebeba maji yaliyovaa ganda
ili mgeni apate kitu cha baridi.
Kwenye baridi.

Akacheka. Hata mimi nilicheka, siku ile.

"Una koti?"
"La kaka, la mvua."

Aminieli naye alikuwa na la kaka.
Na raba za kitambaa, na kikohozi alichokiita vumbi.
Tulilala kwenye hema la chakula;
tulisubiri nje wageni wamalize karata,
ndipo meza zikunjwe, ndipo nasi tujikunje.
Alfajiri mpishi alimtikisa mara moja, mara ya pili,
kisha akaenda kuchemsha maji ya kunawa ya wageni,
kwa kuwa maji hayo yana saa yake.

Machela ya gurudumu moja ikamteremsha.
Mzigo wake ukabaki, maana mzigo haufi.
Kiongozi akaugawa kama anayepakua pilau,
wewe hiki, wewe hiki.
Mimi nikapata kiti cha kukunja na meza yake,
kilo nane.
Mwenye kiti alilia, kweli, nilimwona.
Jioni akakikalia.

Bahasha nayo ilitolewa mbele yetu, tukapiga makofi.
Nene mkononi mwa mgeni,
ikapita kwa kiongozi,
kwangu ikafika noti moja.
Fungu la Aminieli, walisema, limeingia kwenye usafiri.

Haya yote sikumsimulia kijana.
Nilimwambia ya matikiti na ya koti,
naye akaniuliza, "Sasa nisiende?"
Nyuma yake foleni: mwenye kanzu, msichana na soda.
Nauli kashakata. Mchele ule si wa kula.
Nikasema, ukishapita kona, omba upimwe tena.
Omba kwa sauti, wageni wakiwa karibu.
Watakuchukia. Omba hivyo hivyo.
Na ununue soksi za sufu, mitumba ya Karume wanazo.
Mia tatu yake sikuipokea.

Magharibi nafunga kazi kwa kujipima mwenyewe.
Sitini na tatu.
Nashuka, naifuta kioo kwa kanga ya mke wangu, napanda tena,
labda kuna kitu imekiruka.
Sitini na tatu.
Naikunjia kwapani, naelekea Buguruni kwa miguu,
taratibu, upande wa kushoto nikichechemea,
na mgongo, sijui kwa nini, umeinama.